Geti la vidole na uso kwenye ghala, Industrial Area, Nairobi: tuweke mambo sawa kabla mashine hazijanunuliwa

Mpangaji_Ghala

Wadau, naomba uzi huu ukae kama kumbukumbu kwa kila anayepanga geti la bayometriki mahali penye mali ya thamani. Mfano wa kujadili ni huu: ghala la dawa na vipuri upande wa Enterprise Road, wafanyakazi 640, zamu mbili. Mbele kuna geti la wanaotembea kwa miguu, nyuma geti la malori, na ndani kuna chumba cha bidhaa ghali ambacho watu 24 tu wanaruhusiwa. Zamu ya asubuhi ina watu 420, na 300 kati yao hufika robo saa ya mwisho kabla ya saa 1.

Bei zilizoletwa mezani zinafanana zote. Terminali ya alama za vidole yenye rilei (swichi ya umeme inayofungua kufuli) ndani yake inafungwa ukuta wa nje, na waya mbili zinaenda kwenye kufuli la sumaku. Je, hiyo inatosha? Mashine ngapi? Kidole au uso? Na sheria inataka nini kabla ya mtu wa kwanza kusajiliwa?

Rilei_Ndani

Nianze na kosa lililo kwenye hizo bei zote, maana likibaki, mengine ni kupoteza hela. Terminali yenye rilei ikikaa nje, waya zinazofungua mlango ziko nje pamoja nayo. Mwenye bisibisi anafungua skrubu ya chini, anaivuta mashine kutoka kwenye kibao chake, anagusanisha waya mbili za kitufe cha kutokea, mlango umefunguka. Hakuna aliyemuuliza kidole. Sensa inaweza kuwa bora kuliko zote sokoni na geti bado likawa linalindwa na skrubu moja.

Kinachoamua kikae ndani. Nje kibaki kisomaji peke yake. Kontrola, yaani hicho kinachoamua, iwe kwenye kasha la chuma lenye kufuli, ndani ya chumba cha sava au chumba cha askari, na waya za kufuli, za kitufe cha kutokea na za sensa ya mlango ziishie humo. Waya inayotoka kwenda ukuta wa nje ibebe vitu viwili: umeme wa kisomaji na data. Hata mtu akiing'oa mashine yote akaenda nayo nyumbani, mlango unabaki umefungwa.

Kama terminali zimeshanunuliwa, nyingi zinakubali kijisanduku cha rilei cha pembeni kinachounganishwa kwa RS-485 (aina ya waya ya data). Kinawekwa upande wa ndani na terminali inakitumia ujumbe uliosimbwa. Ni kifaa kidogo, na hakuna shilingi kwenye mradi mzima inayonunua usalama mwingi kuliko hiyo. Pia kila terminali ina swichi ya nyuma inayohisi ikibanduliwa ukutani. Iunganisheni na king'ora kinachosikiliza saa 24. Mafundi wengi huiacha ipige kelele yake ndogo tu pale pale ukutani, na lori likipita Enterprise Road hakuna anayeisikia.

Mpangaji_Ghala

Asante, fundi. Kati ya kisomaji na kontrola waya izungumze lugha gani? Fundi mmoja amependekeza Wiegand, ile lugha ya zamani ya visomaji vya kadi, kwa kuwa ndiyo kila mtu anaijua.

Rilei_Ndani

Inajulikana na kila mtu, wakiwemo wasiopaswa kuijua. Wiegand inatuma namba bila usimbaji wowote. Ile ya biti 26 ina biti 8 za namba ya eneo, biti 16 za namba ya kadi na biti 2 za kukagua makosa, kwa hiyo kadi haziwezi kuzidi 65,535 kwa kila eneo, na namba zikijirudia kati ya kampuni mbili si ajabu. Anayefikia waya nyuma ya kisomaji anaweza kubandika kifaa kidogo kinachorekodi namba na kuirudisha baadaye. Kikomo cha urefu wa waya wake ni kama mita 150.

Chukueni OSDP, lugha mpya zaidi, juu ya RS-485. Inafika mita 1,200 na inasimba kwa AES-128, usimbaji imara. Ila kuna mtego: kisomaji kipya huja na ufunguo wa kiwandani unaofanana kwa vyote. Fundi asipobadilisha ufunguo na kufunga hali ya usakinishaji, usimbaji upo kwa jina tu. Siku ya kukabidhiwa kazi mwambieni akuonyesheni kwenye skrini ya kontrola kwamba mawasiliano ni ya siri na ufunguo si ule wa kiwandani.

Vidole_Kumi

Nijibu la kidole, kwa sababu watu husoma karatasi ya muuzaji vibaya. Imeandikwa kwamba uwezekano wa kumkubali mgeni ni 1 katika 100,000. Inasikika vizuri, ila hiyo ni kwa ulinganisho mmoja. Mkiwa na watu 640 waliosajili vidole viwili kila mmoja, kuna violezo (alama za vidole zilizohifadhiwa za kulinganishia) 1,280. Mgeni akiweka kidole bila kadi, mashine inakilinganisha na vyote. Uwezekano wa kupata kinachofanana unapanda hadi karibu 1 katika 79. Akijaribu vidole vyote kumi, ni kama asilimia 12. Jioni moja isiyo na askari makini inatosha.

Sasa weka kadi kwanza. Kadi inamwambia kontrola huyu ni nani, na kidole kinalinganishwa na violezo viwili vya mtu huyo tu. Vidole kumi vinakuwa ulinganisho 20, yaani asilimia 0.02, na bado mgeni alihitaji kuiba kadi. Kwa chumba cha watu 24 na hata kwa geti kubwa, kadi pamoja na kidole ndiyo njia. Zaidi ya hapo, fungeni mashine baada ya makosa matatu mfululizo, kwa dakika moja.

Kadi zenyewe zisiwe zile za 125 kHz zinazouzwa Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme mjini, kwa bei ya soda. Hizo zinanakiliwa kwa kifaa cha mkononi. Kadi ya MIFARE Classic nayo usimbaji wake ulivunjwa tangu 2008. Chukueni kadi za DESFire EV2 au EV3. Faida nyingine ya DESFire ni kwamba kiolezo cha kidole ni kidogo na kinaingia ndani ya kadi yenyewe. Mfanyakazi anatembea na alama yake mfukoni, na sava yenu haina kitu cha kuibwa. Wakili atakapofika hapa, nadhani atalipenda hilo.

Jua_la_Mashariki

Ndugu Vidole, kwenye geti la mbele mimi napendekeza uso. Watu 300 kwa robo saa ni watu 20 kwa dakika. Kadi, kidole na kusukuma tanstaili (geti la kuzunguka linalopitisha mtu mmoja mmoja) havipungui sekunde 5 au 6 kwa mtu, yaani watu 10 hadi 12 kwa dakika kwa kila njia. Njia mbili zinatosha kwenye karatasi tu, siku ambayo hakuna kidole hata kimoja kinachokataliwa. Uso unasomwa mtu akiwa bado anakaribia.

Vidole_Kumi

Ndiyo maana jibu ni njia tatu. Akitokea mmoja kati ya ishirini anayerudia kidole kwa sekunde 10 zaidi, wastani wote unapanda kwa nusu sekunde. Asubuhi ya mvua, mikono imelowa, wanaorudia ni wengi kuliko hao. Njia ya tatu ni ya siku hiyo, na ni ya siku ambayo tanstaili moja imeharibika.

Jua_la_Mashariki

Sawa, hesabu hiyo siipingi. Lakini kwa atakayechagua uso, haya ya Nairobi ayajue kabla ya kutoboa ukuta.

Jua linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, mwaka mzima, tofauti ni kama robo saa kabla au baada. Hiyo ndiyo saa ya zamu. Kamera ikitazama mashariki, jua linakuwa mgongoni mwa mtu na usoni mwa kamera. Sura inakuwa kivuli cheusi, na mwanga wa infraredi wa mashine unamezwa na ule wa jua. Jioni kamera inayotazama magharibi inapata shida hiyo hiyo. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua la chini halikai kaskazini wala kusini hata mwezi mmoja, kwa hiyo geuzeni njia ya kuingilia ili kamera itazame huko. Ikishindikana, jengeni paa linalotokeza mita 2 na ukuta wa pembeni wa kuzuia miale. Kofia ndogo ya plastiki inayokuja na mashine inafukuza mvua, jua la saa 12 na nusu haiwezi.

Kimo: kamera iwe mita 1.4 hadi 1.5 kutoka pale mtu anaposimama. Chini yake chora alama ya mahali pa kusimama kwa rangi ya barabara. Bila alama, kila mtu anasimama pake na kasi mnayoitegemea inapotea.

Na kuna jambo zito. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha majaribio ya programu nyingi za kutambua nyuso. Ilionekana kwamba kwa programu nyingi, kumfananisha mtu na mtu mwingine kimakosa kulitokea zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki, na kwa baadhi tofauti ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100. Kipimo kilichowekwa kiwandani kwa nyuso za kwingine hakiwezi kuaminiwa hapa. Chukueni wafanyakazi wenu 50, wasajilini nusu, pitisheni wote, mhesabu nani amekubaliwa kwa jina la nani. Pacha na ndugu wanaofanana waingizwe kwenye jaribio kwa makusudi. Hamsini hawatoshi kupima kosa la nadra, ila wakitokea wawili waliochanganywa, mmeshajua mashine hiyo si ya kwenu.

Ombeni pia cheti cha majaribio ya kupima uhai kwa ISO/IEC 30107-3. Bila hicho, picha iliyochapishwa au video ya simu inaweza kutosha.

Mpangaji_Ghala

Basi kwa sasa: kadi na kidole, njia tatu. Nauliza juu ya wapakiaji na mafundi wa ujenzi wa ndani ya ghala. Mikono yao imechoka.

Vidole_Kumi

Saruji, chokaa na dawa za kusafishia sakafu zinalainisha mistari ya ngozi hadi sensa haioni kitu. Hata dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kufuta alama za vidole, kwa hiyo mtu akishindwa asishutumiwe, atafutiwe njia.

Kwanza, aina ya sensa. Zipo za mwanga, zipo za umeme wa ngozi, na zipo za mwanga wa rangi nyingi unaopenya chini ya ngozi ya juu. Hiyo ya tatu ndiyo inayosoma vizuri mikono iliyochakaa, mikavu au yenye maji. Ni ghali zaidi. Njia moja kati ya tatu ikipewa sensa hiyo, kundi la saruji lipite hapo. Kipimo cha chini cha usomaji kiwe nukta 500 kwa inchi.

Pili, usajili, na hapa ndipo miradi mingi inapoharibikia. Msisajili ofisini kwa kisomaji cha USB cha aina nyingine halafu mtegemee geti lielewe. Sajilini kwa sensa ya aina ile ile iliyo getini. Mtu anawe mikono kwa sabuni, akauke. Anzeni na kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia, kisha cha shahada cha kushoto. Gumba ni pana, kwenye sensa ndogo kila siku linaingia upande tofauti. Kwa wabeba mizigo jaribuni kidole cha pete, kwa kawaida kimechakaa kidogo kuliko vingine. Kila kidole kisomwe mara tatu, kikiinuliwa kabisa kati ya moja na nyingine. Kama programu inaonyesha alama ya ubora kwa NFIQ 2, ambayo ni 0 hadi 100, wekeni mpaka wenu na msiushushe kwa sababu foleni ni ndefu. Anayesajiliwa vibaya leo atakwama getini kila asubuhi, na mwishowe askari atachoka na kumfungulia kwa kitufe.

Tatu, ngozi kavu ya Juni hadi Agosti. Baridi ya Nairobi inakausha vidole na kukataliwa kunaongezeka. Mtu apumulie kidole mara moja kabla ya kukiweka, inatosha. Anayesafisha apanguse kioo cha sensa kila asubuhi kwa kitambaa laini chenye tone la alkoholi ya isopropili. Asipulizie dawa moja kwa moja, na asitumie Jiki, inakula utando wa juu wa sensa.

Mlinzi_wa_Zamu

Nimesubiri mtu ataje hicho kitufe cha askari. Kila geti la bayometriki lina kitufe kwenye meza ya askari cha kumfungulia mkurugenzi, mgeni na aliyekataliwa. Mwezi wa tatu baada ya ufungaji, kitufe ndicho kinachofungua na sensa imekuwa pambo. Kitufe kiwepo, lakini kila kinapobonyezwa kontrola iandike saa, kamera ipige picha, na askari aingize namba ya sababu. Ripoti ya kitufe isomwe kila Jumatatu na mtu asiye wa idara ya ulinzi. Namba ikianza kupanda, kuna sensa inayokataa watu au kuna askari anayependelea watu.

La pili ni kupenya mgongoni mwa mwenzako. Mlango wa kawaida wenye sumaku hauwezi kulizuia. Mmoja anapiga kidole, wanne wanaingia, na aliyeushikilia mlango anaonekana mwenye adabu. Getini tumieni tanstaili ndefu ya kufika juu, si ile ya kiunoni inayorukwa. Kwa chumba cha bidhaa ghali jengeni kijichumba cha milango miwili: wa pili haufunguki mpaka wa kwanza umejifunga na kihisi kimeona mtu ni mmoja. Kwenye kontrola washeni sheria kwamba aliyeingia hawezi kuingia tena kabla ya kutoka. Hapo kadi ikipitishwa juu ya ukuta kumsaidia rafiki, inakataliwa. Ila sheria hiyo inahitaji kisomaji upande wa kutokea pia. Msiiwashe kama kutoka ni kwa kitufe tu, mtafungia nusu ya watu nje siku ya pili.

Kila mmoja wa wale 24 asajili pia kidole cha shida. Akilazimishwa na mtu mwenye silaha anaweka hicho, mlango unafunguka kama kawaida, na onyo linaenda kimya kwa kituo cha ulinzi. Kisiwe jirani ya kile cha kila siku, mtu asikosee kwa haraka. Kijaribiwe kila miezi mitatu, na wa kituoni asiambiwe siku.

Malori: dereva hashuki. Wekeni nguzo yenye visomaji viwili, kimoja mita 1.05 kwa gari dogo, kimoja kama mita 2.1 kwa lori. Turniboi na abiria washuke wapitie njia ya miguu, kila mmoja kwa kadi yake.

Athi_Safi

Mmesahau stima. Hesabu ya mlango mmoja: kontrola 0.25 A, visomaji viwili 0.6 A, kufuli la sumaku la kilo 280 kama 0.5 A kwa volti 12. Jumla 1.35 A. Betri ya 7 Ah ambayo kila mtu anafunga inaonekana itakaa saa 5, lakini namba hiyo ya 7 hupimwa kwa matumizi ya polepole ya saa 20. Kwa mzigo huu hesabu saa 4 ikiwa mpya, na baada ya miaka miwili pungufu ya hapo. Stima ikipotea usiku saa 4, alfajiri geti halina nguvu. Kwa saa 8 unahitaji 10.8 Ah, ongeza nusu kwa ajili ya kuzeeka, ni 16, nunua 18 Ah. Na chaja iweze kubeba mlango huku ikijaza betri: 5 A kwa 13.8 V. Chaja ya 2 A inabakiwa na 0.65 A tu, itachukua zaidi ya siku nzima kuijaza betri hiyo.

Waya. Kosa ninaloliona kwenye michoro ni kulisha kufuli la sumaku kwa jozi moja ya kebo ya mtandao. Kebo hiyo ina kama omu 0.084 kwa mita. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni omu 6.7. Kufuli lenyewe ni omu 24. Kwa hiyo badala ya 0.5 A linapata 0.39 A, na volti 9.4. Nguvu ya kushika hushuka haraka kuliko mkondo wenyewe, na bado taa ya kijani inawaka, kila kitu kinaonekana sawa hadi mtu aegemee mlango kwa bega. Tumieni waya wa 1.5 mm², kufuli litapata volti 11.5.

Weka diodi 1N4007 (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye vituo vya kila kufuli la DC, kichwa chenye mstari kikiwa upande wa chanya. Sumaku inapozimwa inarudisha msukumo unaochoma mdomo wa rilei. Rilei iliyoungua hushikana. Kama ilikuwa inakata umeme wa sumaku, ikishikana mlango hautafunguka tena, na watu wako ndani.

Athi (waya wa kupeleka umeme ardhini): udongo mweusi wa upande huo hupasuka kiangazi na kuachana na fimbo ya athi. Kipimo cha Aprili kinaweza kuwa kizuri na cha Februari kibaya. Pimeni wakati wa ukame, chini ya omu 10, na wekeni vizuia radi kwenye kila waya inayotoka jengo moja kwenda jingine, ya data ikiwemo. Radi ya msimu wa mvua haichagui waya ya umeme peke yake.

Mlinzi_wa_Zamu

Hapo kwa watu kukwama ndani nisisitize. Njia ya kutokea moto isitegemee programu yoyote. Kile kisanduku cha kijani cha kuvunja kioo kikate chenyewe umeme wa kufuli, waya kwa waya, bila kupitia kontrola. Paneli ya moto nayo ifanye hivyo hivyo. Tanstaili za kufika juu lazima ziachie kuzunguka kuelekea nje umeme ukikatika, na pembeni yake uwepo mlango wa dharura wa kusukuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haitaki mfanyakazi afungiwe kwa namna ambayo hawezi kufungua kirahisi kutoka ndani. Chumba cha bidhaa ghali kinaweza kubaki kimefungwa stima ikipotea, sharti mkono wa mlango wa upande wa ndani uwe wa chuma unaofungua bila umeme.

Wakili_Data

Nimesoma yote, na kwa kweli nafurahi kadi yenye kiolezo ndani imetajwa na fundi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaiweka bayometriki kwenye data nyeti. Kwa ghala hili mambo ya lazima ni haya.

Kusajiliwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Wanaosamehewa ni wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10, na hata hao si wa sekta zote. Watu 640 hamko huko.

Tathmini ya athari chini ya kifungu cha 31, na ripoti yake iwasilishwe siku 60 kabla ya kuanza. Hili ndilo linalosahaulika: fundi anamaliza Ijumaa na usajili unaanza Jumatatu. Pangeni siku hizo 60 kwenye ratiba ya mradi kabla ya hata kuagiza mashine. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliangusha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa kwanza, na huyo alikuwa serikali. Mei 2025 mahakama hiyo hiyo iliamuru data ya bayometriki iliyokusanywa na Worldcoin, mradi uliokuwa unapiga picha macho ya watu, ifutwe.

Ridhaa: mfanyakazi anayeambiwa weka kidole au rudi nyumbani hajaridhia kitu. Wapeni maelezo ya maandishi, Kiswahili na Kiingereza: kinakusanywa nini, kwa sababu gani, kinakaa muda gani, nani anakiona. Mtu aweze kukataa, na njia yake mbadala iwe ya kweli: kadi, namba ya siri, na askari kulinganisha sura na picha kwenye skrini. Wasioweza kusomwa vidole watumie njia hiyo hiyo, kwa hiyo si gharama ya bure.

Data ikivuja, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, iliyo ndogo kati ya hizo. Na kama muuzaji anasema sava yake iko wingu la nje ya Kenya, simamisheni mazungumzo hadi aeleze kinga zake kwa maandishi, kwa sababu kupeleka data nyeti nje ya nchi kuna masharti yake ya ziada. Wageni wa siku moja msiwachukue vidole. Hamna sababu ya kutosha.

Swichi_ya_Ndani

Kuongezea kwa wakili. Agosti 2019 watafiti walikuta hifadhidata ya mfumo wa BioStar 2 iko wazi mtandaoni, ndani yake alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja. Nywila inabadilishwa. Kidole kikishavuja, kimevuja kwa maisha yote ya mtu huyo. Juni 2024 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, nao wakatangaza udhaifu 24 kwenye terminali za kampuni ya ZKTeco, mmoja wao ukiwezesha mtu kupita kwa kuonyesha msimbo wa QR uliotengenezwa maalum.

Kwa hiyo terminali ziwe kwenye mtandao wake peke yake, zisionane na kompyuta za ofisi wala Wi-Fi ya wageni, na zisifike intaneti kabisa. Lango la mtandao (port) namba 4370 linalotumiwa na nyingi lifungwe isipokuwa kwa sava. Badilisheni nywila ya msimamizi kwenye kila mashine. Mashine isiyo na msimamizi aliyesajiliwa, mtu yeyote akibonyeza menyu anajisajili mwenyewe pale pale ukutani. Saa zote zifuate sava moja ya muda, kwa sababu kumbukumbu za mageti mawili yanayopishana dakika 6 hazitakusaidia siku ya wizi. Na kuhusu matoleo mapya ya programu ya ndani ya mashine, muuzaji aulizwe kwa maandishi: atatoa marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi?

Mpangaji_Ghala

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu akiacha kazi, tunamfuta kwenye programu ya ofisini. Kuna la ziada?

Vidole_Kumi

Lipo. Programu inatuma amri ya kufuta kwa kila terminali. Ile iliyokuwa imezimika au waya wake umekatika siku hiyo haiipati amri, na nyingine hazirudii kujaribu. Mtu aliyefutwa ofisini anaendelea kuishi kwenye geti la nyuma. Kila mwisho wa mwezi fungua menyu ya kila kifaa, soma idadi ya watu waliomo, ilinganishe na orodha ya mishahara. Sava ikisema 638 na geti la malori likisema 641, hao watatu watafutwe kwa majina siku hiyo hiyo. Kadi yake iingizwe kwenye orodha ya zilizofungwa hata kama ameirudisha, na kiolezo kilichomo kifutwe mbele yake.

Wakili_Data

Na karatasi ya kwamba kimefutwa aitie sahihi, nakala moja abaki nayo.

Rilei_Ndani

Ndugu Mpangaji, ukipata mchoro mpya uweke hapa kabla ya kulipa malipo ya kwanza. Nitaangalia waya za kufuli zinaishia wapi.